Kwa mwanangu aliye kwenye vilima vya ngano

Mwanangu mpenzi,

Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nimeoga, nimekunywa chai, na usingizi umegoma. Ni maneno yako ya Jumapili. Nilikuuliza kama umeshajiandikisha kupiga kura, ukanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sisi hapa ni wapita njia. Mambo yao tuwaachie wenyewe." Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nimeshafika mlangoni pa kazi, na jibu nililokuwa nalo si la dakika tano. Sasa kaa chini, baba, usome taratibu.

Unaijua ile barabara ninayorudia nyumbani, inayopita kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Olympia, mji mkuu wa jimbo letu la Washington, pale Tumwater. Uwanda ule unaitwa Bush Prairie. Miaka yote nilidhani wameupa jina la yule rais. Kumbe ni jina la mkulima, George Bush, na mkulima huyo alikuwa mtu mweusi aliyefika pale mwaka 1845, kabla jimbo hili halijakuwa jimbo, kabla hata haijaamuliwa kama ardhi hii ni ya Wamarekani au ya Waingereza. Siku nilipolijua hilo niliegesha gari pembeni nikautazama ule uwanda kama mtu anayeonyeshwa shamba la ukoo ambalo hakuna aliyewahi kumtajia.

Bush alikuwa mtu huru, akiishi Missouri, jimbo la utumwa. Mke wake, Isabella James, alikuwa mzungu, nao walioana mwaka 1831. Fikiria ndoa hiyo katika jimbo hilo kwa miaka ile. Walikuwa na watoto watano wa kiume, mkubwa wao akiitwa William Owen, aliyezaliwa mwaka 1832. Lishike jina la huyo mtoto, nitalirudia.

Mwaka 1844 walifunga safari ya kwenda Oregon, jina lililojumuisha wakati huo na hapa petu, pamoja na familia nyingine, akiwemo rafiki yao Michael Simmons. Kilomita zaidi ya 3,000 kwa magari ya kukokotwa na maksai. Bush alikuwa na mali kuliko wenzake wengi, na inasimuliwa kwamba alificha dola za fedha chini ya sakafu ya pili ya gari lake, na kwamba baadhi ya majirani waliweza kusafiri kwa msaada wake. Hayo ya sakafu ni masimulizi. Kinachojulikana vizuri ni alichokikuta mwisho wa njia.

Wakati wao wangali barabarani, serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ilitunga sheria. Mtu mweusi yeyote, hata aliye huru, atoke: mwanamume apewe miaka miwili, mwanamke miaka mitatu. Asiyetoka achapwe viboko 20 hadi 39 mgongoni, na adhabu irudiwe kila baada ya miezi sita mpaka aondoke. Aliyeipeleka sheria hiyo ni Peter Burnett, ambaye baadaye alikuwa gavana wa kwanza wa California. Walibadilisha kipengele cha viboko kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata sheria nzima ikafutwa kabla haijamgusa mtu. Lakini wewe nieleze: baba wa watoto watano, amefika na maksai waliochoka, anasikia habari hiyo. Atangoja kuona kama wataibadilisha?

Hakungoja. Kundi lao lilikaa majira ya baridi kando ya mto Columbia, kisha likageukia kaskazini, ng'ambo ya mto, ambako mkono wa sheria hiyo ulikuwa mfupi na Kampuni ya Hudson's Bay, ya Waingereza wafanyabiashara wa manyoya, ndiyo iliyokuwa na nguvu. Simmons na wenzake wangeweza kubaki kusini kwenye ardhi iliyokuwa ikisifiwa na kila mtu. Walikwenda naye. Hilo huwa nalifikiria mara nyingi. Watu wazungu, mwaka 1844, wanakataa ardhi nzuri kwa sababu jirani yao haruhusiwi kuipata.

Wakafika kwenye maporomoko ya mto Deschutes, mahali panapoitwa leo Tumwater, jina lililotoka katika ile lugha mchanganyiko ya biashara waliyotumia wenyeji, Wafaransa na Waingereza wa pwani hii. "Tum" ni sauti ya maji yanapodunda kama moyo. Wewe uliyekulia kwenye lugha ya misafara na bandari utaelewa mambo hayo upesi kuliko wanafunzi wenzako. Ghala la Kampuni pale Fort Nisqually liliwakopesha chakula. Na wenyeji, watu wa Nisqually, waliwapokea na kuwafundisha kuishi kwa chaza na vyakula vingine vya nchi ile. Bush alijifunza lugha yao. Ugonjwa wa surua ulipowaangukia Wanisqually, yeye na Isabella waliwauguza. Mtoto wao wa sita, aliyezaliwa mwaka 1847, walimwita Lewis Nesqually. Mtu hampi mwanawe jina la jirani anayemwogopa.

Mwaka 1846 Marekani na Uingereza zilikubaliana mpaka, mstari ukapita kaskazini mbali, na shamba la Bush likajikuta ndani ya Marekani. Ubaguzi alioukimbia ukamfuata mpaka mlangoni. Mwaka 1850 Bunge la Marekani, Congress, likatoa ardhi bure kwa walowezi wa Oregon: ekari 640 kwa mume na mke. Ila ilikuwa kwa wazungu, na kwa waliochanganya damu ya mzungu na ya wenyeji. Basi yule aliyelima uwanda ule tangu hakuna njia wala duka, hakuwa na haki hata ya ekari moja. Mzungu aliyeshuka melini jana angeweza kudai shamba lake na nyumba yake.

Hapa ndipo unielewe, mwanangu, kwa nini habari hii ilinishika koo. Babu yako alilima michungwa Muheza kwa miaka 30 bila hati. Mwenye karatasi alipokuja, ile michungwa haikuweza kumtolea babu yako ushahidi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Namkumbuka amesimama barazani ameshika kofia mkononi, anarudia kusema, "Lakini kila mtu anajua." Kila mtu alijua, ni kweli.

Na Bush pia, kila mtu alijua. Mwaka 1852 ngano ilikuwa adimu na wachuuzi walimfuata wakitaka kununua mavuno yake yote kwa bei ya juu. Alikataa. Aliwagawia walowezi wapya ngano ya kula na ya mbegu, hata wasio na kitu cha kulipa, na majirani zake waliliandika hilo katika kumbukumbu zao. Tofauti yake na babu yako ni kwamba waliojua walikwenda kuandika. Eneo la Washington lilipotengwa na Oregon mwaka 1853, baraza la kwanza la kutunga sheria pale Olympia liliiomba Congress imtambue Bush na shamba lake. Mwanzoni mwa 1855 Congress ikapitisha sheria maalumu, kwa ajili ya familia hiyo moja, wakapata ekari zao 640.

Nilitaka kusimama hapo. Ingekuwa barua tamu. Lakini nimekulea usidanganywe, na mimi sitaanza leo.

Wiki chache tu kabla ya hapo, tarehe 26 Desemba 1854, gavana Isaac Stevens aliwakusanya Wanisqually na majirani zao kwenye kijito cha Medicine Creek, wakatia alama kwenye mkataba uliochukua zaidi ya ekari milioni mbili za ardhi yao. Wanisqually walitengewa kipande cha nyanda za juu, mbali na mto waliokuwa wakiuvulia samaki. Kiongozi wao, Leschi, yule yule aliyewasaidia walowezi wa kwanza, alilipinga hilo. Vita vikazuka mwaka 1855. Vilipokwisha, Leschi alishtakiwa kwa mauaji ya askari aliyekufa katika mapigano, akanyongwa tarehe 19 Februari 1858. Mwaka 2004 mahakama maalumu ya kihistoria, wakiwemo majaji wa jimbo, ilitamka kwamba hakupaswa kushtakiwa kwa kosa hilo, kwa kuwa ilikuwa vita. Miaka 146 baadaye.

Basi katika majira yale yale ya baridi, karatasi moja ilimpa Bush shamba na nyingine ikamnyang'anya Leschi nchi. Nimejaribu kumlaumu Bush, nimeshindwa. Nimejaribu kusahau habari ya Leschi ili nifurahie ya Bush, hilo nalo nimeshindwa. Ninapopita Lakewood kwenda kazini naona jina la Leschi, na nikirudi napita kwenye uwanda wa Bush. Nayabeba majina yote mawili katika gari moja kila siku. Nadhani na wewe utayabeba.

Hata baada ya kupata shamba, Bush hakuruhusiwa kupiga kura hapa. Alifariki Aprili 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto mashariki. Haki ya kura kwa watu weusi iliingia katika Katiba ya Marekani mwaka 1870. Miaka saba ilimpita.

Sasa turudi kwa yule mtoto. William Owen alifika pwani hii akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu. Alirithi kwa baba yake mkono wa ukulima. Mwaka 1876, maonyesho makubwa ya miaka 100 ya Marekani yalipofanyika Philadelphia, ngano yake ilipata tuzo. Hebu wazia, ngano kutoka pembe ya nchi ambayo watu wengi wa Philadelphia hawakuwa na uhakika iko wapi. Mwaka 1889 Washington ikawa jimbo kamili, na katika uchaguzi wa Bunge la kwanza la jimbo, watu wa Kaunti ya Thurston walimchagua William Owen Bush. Karibu wote waliomchagua walikuwa wazungu; weusi wa kaunti hiyo walikuwa wachache sana. Alikuwa na miaka 57. Alikaa Olympia, kilomita chache tu kutoka shamba la baba yake, akitunga sheria za jimbo.

Na unajua alipeleka muswada gani? Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliwasilisha muswada wa kuanzisha chuo cha kilimo cha jimbo, uliopita Machi 1890. Chuo kikafunguliwa Januari 1892 kwenye vilima vya ngano, katika mji unaoitwa Pullman.

Ndiyo, baba. Hicho hicho. Hapo unapolala, hapo unaposomea udongo na mbegu, hapo uliponipigia simu ukaniambia sisi ni wapita njia.

Sikukasirikia neno hilo. Nalijua linakotoka. Nililisema mimi miaka kumi ya kwanza, kila nilipotuma pesa nyumbani, kila nilipokuwa nanunua sufuria ya bei rahisi kwa kuwa "tutaondoka tu." Nilikaa na sufuria hizo mpaka zikatoboka. Siku ya kuapa uraia nilikuvalisha lile shati la bluu, ukalala begani kwangu hotuba nzima. Hukuona jinsi mkono wangu ulivyotetemeka nilipouinua.

Sikuambii umpigie nani. Hilo ni lako na Mungu wako, na ukitofautiana na mimi sitakununia. Ila usiniambie mambo ni yao. Karatasi za nchi hii zimeandikwa juu ya watu kama sisi tangu kabla ya 1844, tuwepo chumbani tusiwepo. Na ukifika chumbani, nakuomba uulize ni jirani gani yuko nje, maana mwaka 1854 Wanisqually walikuwapo pale pale kando ya kijito, na hakuna aliyewasikiliza.

Isabella na George wana ukumbusho wao sasa, kwenye viwanja vya Bunge la jimbo pale Olympia, na karibu yake umepandwa mti wa jozi, mtoto wa mti waliouotesha shambani kutokana na mbegu waliyotoka nayo Missouri. Ukija Novemba nataka twende wote. Tutaanzia shambani Tumwater, kisha twende pale Bungeni, kisha turudi nikupikie wali wa nazi na samaki.

Ukiwa njiani kuvuka mlima pale Snoqualmie, tazama hali ya hewa kabla hujatoka, na weka minyororo ya matairi ndani ya gari hata kama jua linawaka. Na ile fomu ya kujiandikisha njoo nayo. Kalamu ninazo.

Ni mimi mama yako