Kabla Hujanunua RTK, Tuletee Kwanza Tripodi Yako

Haipiti wiki nyingi bila mtu kuingia dukani amenuna, begi la mashine begani. "Bosi, hii imekufa. Inanidanganya." Tunaifungua, tunaipima, na mara nyingi mashine ni nzima. Mwongo ni kitu kingine: fimbo yenye pima maji iliyolegea, prizma (kioo cha kurudishia mwali wa mashine) ya kuazima, au namba moja tu iliyoingizwa vibaya kwenye kontrola, ile kompyuta ndogo ya mkononi. Sisi tunauza, tunakodisha na kutengeneza vifaa vya upimaji ardhi, kwa hiyo mteja akija na fedha za mashine mpya, tuseme RTK (GPS ya kupimia kwa usahihi wa sentimita), ilitakiwa tumpe risiti na tunyamaze. Tatizo ni kwamba mashine mpya juu ya tripodi ileile mbovu itarudi hapahapa baada ya wiki mbili, na lawama zitakuwa zetu.

Tuanze na hiyo tripodi, kwa sababu ndiyo kifaa kinachotupwa nyuma ya Noah pamoja na sururu na mifuko ya saruji. Ishike kichwani, inyanyue, tandaza miguu mpaka ikae mlalo, kisha iachie. Miguu inatakiwa ibaki pale ulipoiweka, au ishuke polepole. Ikianguka kama kuku aliyechinjwa, skrubu za maungio zimelegea, na kila ukigeuza totali stesheni (mashine ya kupima pembe na umbali) kichwa kinageuka nayo kidogo. Dawa yake ni ufunguo wa Alen wa bei ya soda mbili. Tripodi za mbao hulegea zaidi kiangazi mbao zikikauka, lakini kwa kazi ya pembe bado tunazipenda kuliko za alumini, maana alumini ikipigwa jua upande mmoja inatanuka na mashine inahama taratibu huku wewe ukisoma. Alumini iache kwa leveli (darubini ya kupima tofauti za kimo) na kwa antena ya GPS.

Kifaa cha pili ni fimbo ya rova, yaani kipokezi cha GPS cha kutembea nacho. Mwaka jana alikuja kijana amepima bikoni (alama ya mpaka) moja mara mbili, asubuhi na jioni, majibu yakatofautiana kwa sentimita 7. Alishaamua kwamba kosa ni la setilaiti. Tukamuuliza: asubuhi ulisimama upande gani wa bikoni? Mashariki. Na jioni? Magharibi, ili jua lisimpige machoni. Tukaifunga fimbo yake kwenye miguu ya kuishikilia, tukaweka povu katikati, tukaizungusha nusu duara. Povu likakimbilia ukingoni. Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii moja tu, ncha ya juu inaondoka milimita 35 kutoka pale penye bikoni. Asubuhi ilianguka milimita 35 huku, jioni 35 kule. Hiyo ndiyo sentimita 7 yake. Kurekebisha kulichukua dakika kumi: nusu ya mwendo wa povu unaiondoa kwa skrubu ndogo zilizo chini ya pima maji, nusu nyingine kwa kuisimamisha fimbo upya, kisha unarudia mpaka litulie. Kipimo hiki fanya mwenyewe nyumbani kila mwezi, na kila fimbo ikianguka. Na fimbo huanguka.

Sasa prizma, na hapa ninazungumza kwa aibu yangu mwenyewe. Kabla ya kufungua duka nilikuwa msaidizi wa mpima, tukapewa shamba karibu la mraba, lenye kona nne. Prizma yetu ilikuwa imepasuka, tukaazima ya jamaa mwingine. Nikapima, nikapiga hesabu ya travesi (mnyororo wa pande na pembe), ikafunga, yaani ikarudi ilipoanzia, vizuri kuliko kazi zangu zote za mwaka ule. Nikajisifu hadharani. Baadaye mzee aliyekuwa akituongoza alipima upande mmoja kwa mkanda wa chuma akakuta umepungua milimita 30 kuliko wa kwangu. Upande wa pili, 30. Wa tatu, 30.

Prizma ile ilikuwa na konstanti (masahihisho ya umbali) ya milimita −30, na mashine yangu ilikuwa imewekewa 0. Kwa hiyo kila umbali ulizidi kwa kiasi kilekile. Ukiongeza 30 kwenda, 30 kulia, 30 kurudi na 30 kushoto, unarudi palepale ulipoanzia. Travesi ya mraba inalificha kosa hili kabisa. Lingejionyesha kama ningeanzia kwenye alama ya msingi moja na kufungia kwenye nyingine yenye koodineti zinazojulikana. Tangu siku hiyo, kazi ikifunga vizuri mno huwa naingiwa na wasiwasi.

Jihadhari pia na hesabu za Leica, maana wao wana utaratibu wao wa kuhesabia: prizma yao ya kawaida ya duara wanaiita 0, ambapo kwa mashine za makampuni mengine ileile ni −34.4. Ukichanganya prizma ya huku na mashine ya kule bila kujua hili, umepoteza zaidi ya sentimita 3 kabla hujafyeka mstari wa kwanza.

Namna ya kujipima haihitaji maabara. Uani kwetu tumepigilia misumari mitatu kwenye mstari mmoja ulionyooka, A, B na C. Weka mashine A, pima AB na AC. Hamia B, pima BC. Jumlisha AB na BC, kisha toa AC. Jibu likiwa karibu na sifuri, prizma na mashine wanaelewana. Likiwa milimita 30, umeshajua cha kubadilisha. Huna haja hata ya kujua urefu halisi kati ya misumari.

Leveli nayo ina kipimo chake cha vigingi viwili, na wengi walifundishwa chuoni wakakisahau siku ya mahafali. Vigingi viwe mita 60 mbali. Simama katikati kabisa: tuseme A unasoma 1.452 na B 1.217, basi tofauti ya kweli ni 0.235, hata kama leveli ina kosa, maana kosa liko sawa pande zote. Sogea karibu na A, hatua mbili tatu hivi. Ukisoma A 1.538, B inatakiwa iwe 1.303. Ukikuta 1.311, leveli yako inanyanyua macho milimita 8 kwa umbali ule. Kwa mtaro wa maji ya mvua, ambao wakati mwingine mteremko wake wote ni sentimita chache, hilo si jambo la kupuuza.

Vitu vingine nitavipita haraka. Mwavuli mkubwa ni wa mashine kwanza, wewe baadaye. Mkanda wa chuma umesanifiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na joto likizidi hapo kwa nyuzi 15, mkanda wa mita 50 unarefuka karibu milimita 9. Nunua panga mbili, si moja. Kifaa cha kutambua chuma ardhini watu hukiona cha anasa mpaka siku wanapotafuta bikoni ya zamani iliyofukiwa na kifusi cha barabara mpya: ile nondo iliyo katikati ya zege italia hata kama juu pameota majani. Tumeshawakodishia watu waliochimba siku mbili bila mafanikio, wakaipata kabla ya chai.

Halafu kuna kosa ambalo hakuna fundi wa kulitengeneza, na ndilo linalotufanya tuuze vitabu kwenye duka la mashine.

Mpima mmoja alituletea rova akidai inaruka zaidi ya mita 300. Mita, si milimita. Alikuwa na koodineti za alama za msingi kutoka kwenye plani ya zamani, akaziingiza kwenye kontrola, akaambiwa aende kutafuta bikoni katikati ya nyumba ya watu. Plani ile ilikuwa ya Arc 1960, datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) iliyotumika Tanzania kwa miongo mingi, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Rova yake ilikuwa inafikiri kwa WGS84, datamu ya GPS. Kwa eneo la Dar es Salaam, hizo mbili zinapishana takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Mashine haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inajibu swali jingine. Siku hizi kuna pia TAREF11, datamu mpya ya Tanzania, kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe soma pembeni mwa plani imeandikwa nini. Kama haikuandikwa, usibahatishe. Tafuta bikoni moja ya zamani iliyo wazi, ipime, uone tofauti inakuelekeza wapi.

Zoni nazo zina vituko vyake. Mpaka kati ya zoni 36 na 37 za UTM (gridi inayoigawa dunia kwa vipande vya digrii 6) ni digrii 36 Mashariki, na mstari huo unapita mashariki mwa jiji la Dodoma, umbali usiofika kilomita 30. Jiji lenyewe liko zoni 36, lakini Kongwa na Mpwapwa, ambazo ni wilaya za mkoa huohuo, ziko zoni 37. Ukitoka kupima kiwanja mjini ukapitiliza Kongwa bila kubadili zoni, koodineti zako hazitalingana na plani yoyote ya kule, na utashinda juani ukiigombeza simu.

Halafu skeli. Dar es Salaam iko karibu juu ya mstari wa kati wa zoni 37, digrii 39, ambako kipimo cha gridi ni 0.9996. Maana yake, mita 100 za ardhini ni mita 99.96 kwenye plani. Dodoma, kwa kuwa iko ukingoni mwa zoni yake, mambo yanageuka: gridi inakuwa ndefu kuliko ardhi, zaidi ya nusu mita kwa kila kilomita hata ukishahesabu mwinuko wa pale. Kijana aliyezoea Dar akihamishiwa Dodoma anabaki na mazoea ya kuongeza mahali pa kupunguza. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 huenda asigundue. Kwa barabara ya kilomita 5 mkandarasi atagundua kwa niaba yake.

Haya yote yako vitabuni. Ukiniambia nichague kimoja cha kukaa kwenye gari, nitakupa Elementary Surveying cha Ghilani na Wolf, kwa sababu kina hesabu zilizopigwa hatua kwa hatua, na ukikwama saa nane mchana unataka mfano wenye namba, nadharia itasubiri. Kwa wanaofanya zaidi kazi za barabara na majengo, Surveying for Engineers cha Uren na Price kinasomeka vizuri. Wa GPS wasome GPS for Land Surveyors cha Van Sickle, ambacho kinaeleza kwa lugha nyepesi kwa nini setilaiti inakupa jibu ulilopata. Matoleo ya zamani yanatosha kwa sehemu kubwa. Pembetatu haijabadilika, na nakala iliyotumika ni nafuu mno. Sura za vifaa vya kielektroniki ndizo zinazozeeka, zirukeni.

Kitabu cha pili kwa umuhimu watu hawakihesabu kama kitabu: sheria. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura 324, pamoja na kanuni zake, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Zichapishe, zitobolee, ziweke kwenye faili moja. Mwenyekiti wa mtaa akikuuliza unaingia shambani kwa mamlaka gani, kumwonyesha kifungu kilichopigwa mstari kunamaliza mazungumzo haraka kuliko kuonyesha kitambulisho na kupandisha sauti.

Na cha tatu, daftari la fildi. Lenye jalada gumu na karatasi isiyolowa kwa jasho, na penseli, si kalamu ya wino. Ukikosea usifute: piga mstari mmoja juu ya namba, andika sahihi pembeni. Namba iliyofutwa ndiyo itakayokuwa na jibu miaka sita baadaye, majirani wakiwa mbele ya baraza la ardhi. Kontrola hupotea, huibiwa, hufa na data zake. Mimi nina madaftari ya mzee wangu niliyemtaja hapo juu, na bado kuna wapima wanaopiga simu kuniomba niwasomee mchoro wa kona fulani, uliochorwa kwa mkono, wenye mwembe na umbali wake mpaka bikoni. Mwembe umeshakatwa, ila kisiki kipo.

Kipimo cha misumari mitatu hatutozi. Kila Jumamosi uani pako wazi kwa yeyote, awe amenunua kwetu au kwingine. Njoo na tripodi, tribraki (kiti cha mashine juu ya tripodi), fimbo na prizma zote unazotumia, zikiwemo za kuazima, na betri iliyochajiwa. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo hewa juu ya lami inaanza kucheza, na msumari C kwenye darubini unaonekana kama uko chini ya maji.