Mkojo wa Hamisi si wa kichocho

Tabora, Jumapili

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu kwako na kwa wote hapo Ujiji. Majibu ya vipimo vya mkojo vya mtoto Hamisi nimeyasoma. Tafadhali, asimezeshwe tena dawa ya kichocho kwa kubahatisha. Damu ya kichocho huonekana zaidi mwisho wa kukojoa. Yeye mkojo wote una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tena siku moja tu baada ya koo kuuma. Hapo wengi wetu tunaotibu hufikiria ugonjwa wa figo uitwao Berger, ulioelezwa Paris mwaka 1968: kingamwili (walinzi wa mwili) za aina ya IgA ambazo umbile lake limepungukiwa sukari hushambuliwa na kingamwili nyingine, kisha mafungu yake hunasa kwenye vichujio vya figo.

Rangi inatisha, najua, ila kinachoua figo ni presha na protini inayovuja. Kwa hiyo apime mkojo wa saa 24. Ule wa kwanza wa alfajiri aumwage, aandike saa. Baadaye akusanye wote, pamoja na wa alfajiri ya pili saa ileile. Akisahau hata mara moja, aanze upya, maana kipimo kitadanganya. Madaktari hulenga protini ishuke chini ya nusu gramu kwa siku.

Uhakika hutoka kwenye biopsi tu, yaani kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukipima. Kabla hujakata tiketi ya treni, piga simu hospitali itakayoifanya uulize kama maabara yao inaweza kuziona IgA kwa rangi inayong'aa. Kipande cha kipimo hicho hakitiwi kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, kama vingine. Hukaa kwenye maji maalumu ya kusafirishia yaitwayo maji ya Michel. Kikikosewa hapo, mtoto amechomwa sindano bure, na hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Akianzishiwa losartani au enalaprili, dawa za presha zinazopunguza pia protini, arudie vipimo vya damu vya kreatinini (huonyesha kazi ya figo) na potasiamu baada ya wiki moja hadi mbili. Akitapika au kuharisha, mpigie daktari siku hiyohiyo, dawa huenda ikasimamishwa kwa muda. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni asiguse. Kichwa kikiuma, parasetamoli. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyomo kwenye samaki, hivyo migebuka ya chumvi aiache. Mpikie mibichi.

Majibu ya saa 24 yakitoka, nitumie picha, na presha yake ya asubuhi na jioni uiandike pembeni.

Wako,
Mwanaidi