Belo halifunguliwi kabla ya kulipa

Bwana Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kwanza ndo nafungia mteja nguo, lakini safari hii nimeona nisinyamaze. Mwandishi wenu wa spoti ameandika ati klabu zetu za Pwani zichague vijana kama Wamarekani wanavochagua kwenye ule mpira wao wa kurusha kwa mkono, manake kule kila kitu hupimwa, mbio, urefu, uzito, mpaka kiganja, na kwa hivo hawakosei. Hapo kwa "hawakosei" ndo nlipovua miwani. Wanakosea bwana, tena vibaya sana, na ushahidi ninao hapa Kongowea umening'inia kwa hanga.

Mimi nauza mtumba. Kwenye belo la jezi za Marekani hutoka hizi za NFL, ligi kuu ya mpira huo, pana kama kanzu iliyokatwa, namba mbele na nyuma na jina la mtu mgongoni. Zamani nlikuwa nauza tu, ya nani haikunihusu. Siku moja ikatoka nyeusi, namba 2, imeandikwa Russell, haijavaliwa hata mara mbili, nikajiuliza ni nani huyo mpaka watu watupe jezi yake ikiwa mpya hivi, nikaingia kwa simu. Kumbe ni JaMarcus Russell, kwotabeki, yaani mrushaji mkuu, wa chuo cha LSU, mwaka 2007 Oakland Raiders walimchukua wa kwanza kabla ya vijana wote wa nchi nzima. Pandikizi la mtu, alisifiwa kuwa hata akipiga magoti aweza kurusha mpira yadi 60, wakampa mkataba wenye zaidi ya dola milioni 30 za uhakika. Kufika 2010 washamuacha.

Tangu hapo imekuwa kama ugonjwa, kila jezi ya kwotabeki ikitoka natafuta jina, na nikaja kugundua kitu. Wale waliofaulu jezi zao huku zafika zimechakaa, wenyewe wamezivaa mpaka zikafubaa. Zinazokuja mpya ni za walioshindwa. Leaf wa San Diego, aliyechaguliwa wa pili 1998 nyuma ya Peyton Manning aliyekuja kuwa gwiji, na watu wazima walikuwa wakibishana kweli kweli yupi kati ya hao wawili ni bora. Trubisky wa Chicago, huyo ntamrudia.

Kwa wenzangu wasiojua, kwotabeki ndo yule mpira huanzia mikononi mwake, ana sekunde mbili tatu tu aangalie mwenzake gani yuko wazi amrushie, na huku majitu ya kilo 130 yanamjia mbio yamwangushe. Na drafti ni siku tatu za mwezi wa nne ambapo timu 32 huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi saba, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo hutangulia. Siku ya kwanza kwa saa zetu huanza saa tisa usiku. Mimi siku ya kufungua belo saa hizo huwa nshaamka, kwa hivo natazama huku nachemsha chai, mke wangu asema nina wazimu.

Sasa hiyo drafti wallahi ni biashara yetu hii hii. Belo ni kilo 45, limebanwa mikanda, lebo yasema jezi za watu wazima, gredi ya kwanza, na huruhusiwi kutoboa hata kwa kidole. Lipa, kata mikanda, ndo ujue Mungu amekuandikia nini. Likishafunguka wenye butiki wanaingia na tochi za simu wachague kamera, yaani zile safi za mwanzo, halafu wengine, halafu mchana kabisa zabaki fagia, za kurundika chini, shilingi hamsini hamsini. Na kila mwenye butiki anajua siri hii ingawa hasemi, kwamba kuna siku kitu kizuri kuliko vyote kilikuwa kwenye fagia, kimekunjwa vibaya tu.

Brock Purdy alikuwa fagia. Mwaka 2022 walichaguliwa watu 262 na yeye ndo alikuwa wa 262, hakuna nyuma yake, San Francisco wakamchukua, na Februari 2024 alikuwa uwanjani anaanza Super Bowl, yaani fainali ya ligi, wakafungwa na Kansas City 25 kwa 22 tena kwa muda wa nyongeza. Tom Brady naye kila mtu anamtaja, wa 199 mwaka 2000, makwotabeki sita walitangulizwa mbele yake. Ile picha yake ya vipimo mnaijua, kaptula na kifua wazi, waweza kudhani ni karani amekuja kupima presha. Yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, alikimbia kwa sekunde 5.28, hata mimi na kobazi langu ningemsumbua kidogo. Akachukua Super Bowl saba.

Hivo vipimo wanavoviita kombaini hufanywa Indianapolis, kijana anakimbia, anaruka, wengine wananyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo, mkono unapimwa toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Joe Burrow alipimwa mkono ukawa inchi 9, kukawa na kelele ati ni mdogo mpira utamponyoka, na huyo mtu msimu wake wa mwisho chuoni amerusha tachidauni 60, yaani mirusho 60 ya kufunga! Nlichukua tepu ya fundi wangu nikapima wangu ni inchi 8 na robo, basi sijambo. Zamani kulikuwa na mtihani wa akili pia, maswali 50 kwa dakika 12, wameuacha 2022 na sijasikia anayeulilia.

Lakini nisije nikaonekana nasema vipimo ni upuzi, la. Mwandishi wenu amesahau tu kwamba maskauti wenyewe, hao wasaka vipaji, kazi yao kubwa si tepu, ni video, wanakaa wanatazama mechi za miaka miwili mitatu za kijana mmoja, wanarudisha nyuma, wanatazama tena. Na hata hapo pana mtego manake mechi za chuo si za ligi. Chuoni mwenzako aweza kuwa wazi hatua tano, kwenye ligi ana upenyo wa kupitisha mkate tu, kwa hivo anayengoja amuone mwenzake wazi ndo arushe amechelewa, inabidi mpira utoke mkononi kabla mwenzake hajageuka. Kwa hivo anayejua kutazama hajali sana mpira umefika mbali gani. Anatazama macho. Chaguo la kwanza limezibwa, je anahamia la pili na la tatu au anakimbia ovyo? Amepigwa chini mara mbili, ya tatu bado anatazama mbele au sasa anatazama wale wanaomjia? Hilo hakuna tepu. Tena lataka mechi nyingi, ukiona kijana ameanza mechi 13 tu chuo kizima jua umeona lebo. Ndo huyo Trubisky sasa, 2017. Chicago walikuwa na nafasi ya tatu, wakatoa hiyo pamoja na nafasi nyingine tatu ili wasogee hatua MOJA wamchukue yeye. Patrick Mahomes, aliyekuja kuchukua Super Bowl na Kansas City, alikuwa amekaa pale pale mezani, akaenda wa 10.

Mwaka ninaoupenda mie ni 2018 na ningekuwa na mamlaka wangeufundisha shuleni. Makwotabeki watano raundi ya kwanza. Mayfield wa kwanza, Darnold wa tatu, Allen wa saba, Rosen wa kumi, na Lamar Jackson wa 32, chupuchupu raundi iishe. Rosen alisifiwa kwa mrusho uliokamilika, mwaka mmoja tu Arizona wakamuuza. Lamar alikuwa na tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ya 2016 na bado watu wenye majina makubwa walimwambia abadilishe namba awe mpokeaji, yaani wa kudaka inayorushwa, akaenda Baltimore, kochi wake akatengeneza mchezo kufuata miguu yake, mwaka wake wa pili akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Josh Allen wa chuo cha Wyoming kila mipira mia aliyorusha ilifika kama 56, wataalamu wa hesabu wakasema huyu hapana, mtu asiyelenga chuoni halengi tena. Buffalo wakamvumilia, wakamnunulia mpokeaji wa maana, mwaka wake wa tatu ikawa 69 kwa mia. Waliosema hapana hesabu yao ilikuwa sawa, nguo tu ndo ilipata fundi.

Na drafti hiyo hiyo, raundi ya saba, nafasi ya 233, Philadelphia wakamchukua Jordan Mailata, jitu la Australia la raga ambalo halikuwa limecheza hata mechi moja ya mpira huu. Leo ndo ukuta wa kumlinda kwotabeki wao na ana Super Bowl. Vijana wetu wa raga wa pale Sports Club wasidhani nachekesha, Daniel Adongo Mkenya mwenzetu alitolewa kwenye raga hivo hivo akaenda Indianapolis Colts 2013.

Sasa kwa nini nimekasirika kiasi hiki kwa mpira wa watu. Mpwa wangu ni golikipa. Alienda majaribio kwa klabu moja hapa mjini, jina nalihifadhi, wakawasimamisha makipa ukutani penye alama ya chaki, ambaye kichwa hakijafika alama arudi nyumbani. Hakudakishwa hata mpira mmoja. Ametoka Mikindani asubuhi na glavu zake za kuazima, ifikapo saa nne yuko kwangu dukani amekaa kwenye belo hasemi kitu. Halafu nasoma kwenye gazeti langu ati tuongeze vipimo. Basi mwambieni mwandishi wenu aweke na video, aweke na mtu wa kukaa chini atazame kijana akifungwa bao la pili anafanyaje.

Na arekebishe, Mahomes hakuchaguliwa wa kwanza kama alivoandika, nshasema ni wa 10, na mwaka mzima wa mwanzo karibu wote alikaa benchi akijifunza nyuma ya Alex Smith.

Mimi nami si mtakatifu. Mwaka 2023 ilitoka jezi ya kijani ya New York Jets, namba 14, Darnold, nikajua huyu ni yule wa tatu wa 2018 ambaye Jets walishindwa naye, nikaitupa kwenye fagia, kijana wa boda akaichukua kwa shilingi hamsini. Mwaka uliofuata Darnold akaenda Minnesota akashinda mechi 14. Juzi nimemuona yule kijana pale daraja la Nyali kaivaa, nikamwambia mwanangu niuzie tena hiyo nikupe mia tatu. Akaniangalia toka juu mpaka chini. Elfu moja mzee, akasema, na akawasha pikipiki.

Muuza mtumba,
Kongowea, Mombasa