Nimeyaona maji yenu yanakoanzia

Chuka,
Jumapili usiku.

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kipini. Mama mwamkie, umwambie shali yake imenihifadhi sana na nitamrudishia ikiwa imefuliwa. Uliniuliza kwenye simu ni kitu gani kinachomtoa mtu kitandani akalale siku kadhaa kwenye baridi, tena kwa pesa zake mwenyewe. Simu ikakatika kabla sijajibu, nami nikaona afadhali nikuandikie.

Nilikwenda kuona jabali. Wengi wanaopanda Mlima Kenya huwa wanakitafuta kilele cha Lenana, mita 4,985, pale Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya uhuru Desemba 1963. Mimi tangu nihamishiwe huku kufundisha nimekuwa nikisikia habari za ukuta wa mawe uitwao Temple, upande wetu huu wa mashariki, uliosimama juu ya ziwa. Mzee mmoja jirani yangu, mpagazi wa zamani, aliniambia, "Ukifika pale utakaa chini bila kuambiwa." Maneno hayo yalikaa kichwani mwangu mwaka mzima, hadi likizo hii ya Agosti.

Tulikuwa watano: mimi, mwalimu mwenzangu, kiongozi na wapagazi wawili. Kutoka Chogoria gari lilitupeleka karibu kilomita 30 ndani ya msitu. Mavi ya ndovu yalikuwa mabichi barabarani. Mianzi ikafuata, kisha miti mikubwa yenye ndevu za kijivu zikining'inia matawini. Langoni askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakaandika majina yetu, tukajitwika mizigo. Usiku huo tulilala kando ya Ziwa Ellis, mvua ikanyesha mpaka asubuhi.

Siku ya pili tulitembea saa saba juu ya mgongo wa mlima. Mkono wa kushoto likafunguka bonde la Gorges, na kila tulivyopanda lilizidi kina. Kiongozi alitueleza kwamba mlima huu ulikuwa volkeno. Lava ilimwagika tabaka juu ya tabaka, halafu miaka mingi baadaye ikaja barafu nzito, ikateremka polepole ikiikuna lava ile kama unavyokuna nazi. Kuta tulizokuwa tukizitazama ndizo zilizosalia.

Alasiri tukapiga mahema Hall Tarns, penye vidimbwi, kiasi cha mita 4,300. Jabali lenyewe hulioni, kwa kuwa uko juu yake. Unakwenda kwenye uwanda wa mawe na majani makavu, mara ardhi imekwisha. Kiongozi alitulaza kifudifudi, tukasogea mpaka ukingoni. Karibu mita 300 chini yetu lilikuwapo Ziwa Michaelson, jeusi kama wino, na upande mmoja jua limeligusa likawa kijani. Kunguru walikuwa wakiruka katikati, na sisi tuliwaona migongo. Maishani mwangu sijawahi kumtazama ndege kwa juu. Nilikaa chini, kama mzee alivyosema.

Usiku maji yalichemka upesi, lakini wali ukabaki na kiini. Kule juu maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 86 hivi, si 100 kama huko pwani, ndiyo maana wapagazi huja na maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani. Na hebu nikwambie habari ya lobelia, mmea ambao sitausahau. Hukinga maji katikati ya majani yake. Usiku maji yanaganda juu kama kifuniko, na chini ya kile kifuniko chipukizi linalala salama. Alfajiri nilivunja barafu ya kidimbwi kwa jiwe nikatawadha. Kibla huku ni kaskazini. Nilipotoa salamu, Batian na Nelion, vilele viwili virefu kuliko vyote vya mlima huu, vilikuwa vimegeuka rangi ya shaba.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwenzangu aliniambia tangu adhuhuri ya jana yake kwamba kichwa kinamgonga. Nikampa dawa ya maumivu na kumhimiza tuendelee, kwa sababu nilitaka kufika kwenye jabali langu. Asubuhi alitapika, na aliposimama alipepesuka. Nikasema tungoje jua litoke. Kiongozi alinikatiza, kwa upole lakini kwa uthabiti: huu ni ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, nao hauna subira, dawa yake ni kushuka. Nilimkosea mwenzangu, shoga. Nilimwomba radhi njiani nikiwa nimebeba begi lake.

Tulishuka polepole mpaka ziwani. Mita 300 tu, na alasiri akaomba chai mwenyewe. Wallahi sijapata kufurahi hivyo kumwona mtu akinywa chai.

Na hapo chini ndipo nilipoliona jabali kwa kweli. Limesimama wima, jeusi, na michirizi ya maji iking'aa juu yake, tabaka moja juu ya jingine. Ukilitazama mpaka juu shingo inauma. Mpagazi mmoja alimwita mwenzake kuhusu sufuria, na jabali likamjibu kabla ya mwenzake. Kivuli chake kilituangukia mapema, tukavaa kila tulichokuwa nacho.

Maji ya ziwa lile yanatokea upande wa mashariki na ndiyo chanzo cha mto Nithi. "Huu huingia Tana," kiongozi akasema, kisha akaenda kuwasha jiko. Nikabaki nimeduwaa. Tana! Mto wenu ule wa matope, tuliokatazwa kuoga tukaoga, ulioingia mpaka barazani kwenu wakati wa El Nino mwaka 1997. Najua si maji yote, mengine hutoka Nyandarua. Lakini haya nilikuwa nimeyakinga kwa kiganja, maangavu, baridi ya kuumiza meno, na yana safari ndefu mpaka mlangoni kwako.

Zaidi ya miaka mia iliyopita mlima huu ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imekwisha, na iliyobaki tuliiona kwa mbali, mabaka meupe tu mwambani. Tangu nirudi nalifikiria hilo kuliko miguu inavyoniuma.

Nimejaza chupa moja pale maji yanapotoka ziwani. Nitakuja nayo Desemba, pamoja na shali. Tushuke nayo sote mpaka mtoni, wewe na mama na watoto. Ukikubali, mwaka ujao nitakupandisha wewe, na safari hii tutakwenda polepole, siku tano au sita.

Niandikie mto ukoje huko sasa. Umejaa au umepungua?

Wasalaamu,
Shoga yako.