Barua ya wazi kwa Waziri: tuambieni kilichomo, si umri peke yake

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa na habari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 14. Nakuandikia kuhusu alama za umri zinazowekwa kwenye filamu, tamthilia na gemu. Sizipingi, nazitegemea. Kinachonisumbua ni kwamba zinataja umri na kuishia hapo, kisha mzazi anaambiwa awajibike.

Filamu ikiandikwa 16, bado sijajua ndani kuna nini. Huenda ni matusi. Huenda ni mtu anateswa huku mtesaji akicheka. Kwa mlezi hayo hayalingani hata kidogo. Mwanangu mkubwa nitakaa naye tutazame filamu ya vita ambamo kifo ni msiba, watu wanalia na kuzika wenzao, kwa sababu ikiisha tutakuwa na ya kuzungumza. Sitamruhusu ile ambamo muuaji anashangiliwa na aliyeuawa hana hata jina. Zote mbili zinaweza kubeba namba ileile.

Wakaguzi wanaijua tofauti hiyo. Mfumo wa alama za umri uitwao PEGI, unaotumika Ulaya tangu 2003 kwa ajili ya gemu, hauangalii tu kama ukatili upo. Huangalia kama unafanana na wa kweli, kama anayeshambuliwa ana uwezo wa kujitetea, kama mauaji yana sababu. Hayo ndiyo maswali ambayo mzazi angeuliza. Lakini kwenye kasha la gemu majibu yake yanafika kama namba na kipicha cha ngumi. Zaidi ya hapo inawezekana: ESRB, bodi ya kupanga madaraja ya umri ya gemu iliyoundwa Marekani mwaka 1994 baada ya Seneti kuzijadili gemu za kikatili, huchapisha kwenye tovuti yake maelezo mafupi ya matukio yaliyofanya gemu ipewe daraja lake. Sentensi chache za kawaida tu. Ndizo ninazoziomba, Mheshimiwa, kwa lugha tunayozungumza nyumbani, na ziwe palepale kwenye skrini kabla mtu hajabonyeza.

Kwenye gemu za mtandaoni hata maelezo hayo hayatatosha. Mtoto akicheza na watu asiowajua, yanayomfikia si yale yaliyokaguliwa peke yake. Yapo matusi ya mtu mzima aliyekasirika kwa kushindwa, vipo vitisho, na wapo wanaomshawishi mtoto wahamie kuzungumza faraghani. ESRB yenyewe hutangaza kwamba mazungumzo ya wachezaji hayamo katika daraja inalotoa. Naelewa, hakuna awezaye kukagua maneno ambayo bado hayajasemwa. Basi tuambiwe wazi kwamba gemu ina mazungumzo na wageni, na katika akaunti ya mtoto mazungumzo hayo yawe yamefungwa mpaka mzazi ayafungue mwenyewe. Kumtaka mzazi akitafute kitufe cha kuzima ndani ya kurasa za mipangilio ambazo hata mimi mwalimu zinanichanganya, huko si kumpa mamlaka.

Liko pia suala la matangazo. Mwanangu mdogo anatazama katuni iliyoruhusiwa kwa umri wake, ghafla linaingia tangazo la filamu ya kutisha, kisu na kelele. Tangazo lifuate daraja la kile kinachotazamwa. Hili sioni kwa nini lichukue muda mrefu kuamuliwa.

Sikuandikii kukutisha kwamba gemu zinazalisha wauaji. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuhusisha gemu za kikatili na vitendo vya kikatili, ingawa kiliona uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana. Naomba watunga sera wasiishike nusu ya kwanza na kuitupa ya pili. Kufoka na kusukumana ndiyo mambo ninayoyaamua darasani. Na hofu ya mtoto anayeogopa kulala baada ya kuona asichoweza kukielewa ni jambo zito, hata kama kesho yake hampigi mtu.

Sisi wazazi hatukosi lawama. Wapo wanaomnunulia mtoto wa miaka 9 gemu ya 18 kwa sababu tu amelilia, na wapo wanaomwachia simu yenye akaunti ya mtu mzima, ambayo haizuii chochote. Kwa hao nasema bila kuuma maneno: kaeni na mtoto, mwulizeni anacheza nini na nani, zima mbele yake na umweleze kwa nini. Hakuna bodi itakayofanya kazi hiyo. Wala siombi serikali ipige marufuku filamu za watu wazima. Watu wazima wana haki ya kuchagua.

Ila mzazi aliye tayari kusimamia anahitaji taarifa, na taarifa hiyo ipo tayari mikononi mwa wakaguzi. Kanuni za uainishaji zitakapopitiwa tena, naomba waitwe mezani walimu na wazazi, si wasambazaji na kampuni peke yao, na sharti la maelezo ya maandishi liwe la kwanza kujadiliwa. Nitakuja nikialikwa.

Wako katika malezi,
Mwalimu na mzazi