Usitie saini chochote kwanza

Ngamiani, Barabara ya Nane,
Tanga.
Jumapili, baada ya Alasiri.

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila miguu ya mama ndiyo ile ile, asubuhi anakwenda kwa kushika ukuta. Anakusalimu, na anauliza ng'onda uliomwahidi tangu Idi umeishia wapi.

Sauti zako zote tatu nimezisikia. Ya mwisho niliisikilizia jikoni mpaka mbaazi zikashika chini, tukala hivyo hivyo na harufu ya moshi. Nimeacha kukujibu kwa simu kwa makusudi. Umesema mwenyewe Baba Rukia siku hizi anaishika simu yako ukishalala. Ndiyo nikarudi kwenye karatasi kama zamani tulipokuwa shule. Hii anakuja nayo mdogo wangu Hassani, anashuka Msata anachukua gari la Bagamoyo. Iko katikati ya doti ya kanga. Mtu akikuuliza, umeletewa kanga.

Sasa lile la haraka. Ile karatasi aliyokuletea, inayosema umekubali kuachwa na hudai kitu, usiitie saini. Wala dole gumba. Hata akija na shemeji zake wote wakakaa barazani wakanywa chai yako na kukuita mwanetu. Waambie umesikia, unataka muda wa kufikiri. Mtu mwenye haki yake hana haja ya kukuharakisha usiku.

Na hizo talaka alizokutamkia mlangoni, mambo yake ya dini muulize shehe unayemwamini, mimi simo. Mimi nakueleza ya serikali, kwa sababu hapo ndipo nilipopotea mwenyewe. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa yako haijavunjika kwa yeye kutamka wala kwa kuandika kwenye karatasi ya daftari. Inavunjwa na mahakama. Leo hii mbele ya hakimu wewe bado ni mke wa mtu. Naona utacheka kwa uchungu, lakini hilo ndilo linalokulinda: maadamu ni mke, nyumba mnayoishi hana ruhusa ya kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Uliniambia kuna mtu kaja kuitazama akipima kwa hatua. Nenda ofisi ya ardhi uulize utaratibu wa kuweka zuio kama mke. Fanya hilo wiki hii, mengine yatafuata.

Nikupe kisa changu, maana hukukijua chote. Nilikuficha kwa aibu.

Nilipoamua kuachana na Mzee (bado namwita hivyo, ulimi mzito), nilikwenda karibu na mahakama nikamkuta bwana mmoja kakaa chini ya mwarobaini, suti ya kijivu, mkoba, miwani juu ya paji la uso. Watu wanamwita wakili, naye anaitika. Nikampa laki moja na nusu, pesa ya kikoba, mkononi, bila risiti. Akaniandikia maombi mazuri, Mwanaidi, yenye Kiswahili cha kutisha, "mwombaji ananyenyekea mbele ya mahakama yako tukufu". Nilijiona nimeshashinda. Siku ya kutajwa, hakimu akafungua jalada, akageuza kurasa mbili, akauliza: "Mama, fomu ya baraza iko wapi?" Nikageuka nyuma kumtazama wakili wangu. Kiti kitupu. Nilikuja kujua baadaye kwamba asingeweza hata kusimama, hakuwa wakili. Kishoka. Shauri likaondolewa siku hiyo hiyo, laki na nusu yangu ikabaki chini ya mwarobaini.

Hiyo fomu ndiyo mlango. Kabla ya mahakama mnapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la kata anakoishi mume, na sisi tuliofungishwa ndoa na shehe wengi tunakwenda kwenye baraza la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Wanawaita wote wawili, wanasikiliza, wanajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa wanaandika hati kwamba wameshindwa. Hati hiyo unaiambatanisha na maombi yako, na isiwe imepita miezi sita tangu itolewe. Ukikaa nayo kabatini mwaka mzima ukimsubiri abadilike, utaanza upya. Yeye akiitwa akakataa kwa makusudi kufika, hilo halikufungii njia, sheria imeliona; ila hakikisha baraza limeandika kwamba aliitwa na hakuja. Usitoke pale na maneno matupu ya "mama, nenda tu mahakamani, sisi tumeshindwa". Omba karatasi. Isome kabla hujaondoka: majina yenu yako sawa? tarehe ipo? muhuri upo? Kuna mwenzangu wa hapa Makorora fomu yake iliandikwa jina la utani la mume, ikabidi arudi.

Na kwa ndoa ya Kiislamu kuna jambo la utaratibu ambalo wanaume wengi hawalijui, na wake zao ndio hao tunaolia jikoni. Baraza likishatoa hati ya kushindwa, kisha mmoja wenu akafanya kile ambacho kwa dini kinavunja ndoa, mahakama inakubali moja kwa moja kwamba ndoa imevunjika. Yaani baraza kwanza, talaka baadaye. Baba Rukia kaanza mkiani. Wasiwasi wako kwamba "ameshanimaliza" uweke pembeni.

Mahakamani hawaulizi sana nani mbaya. Wanauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, kutelekezwa, uzinzi, mtu kuhama nyumba miaka mitatu, hayo ni ushahidi wa kuvunjika. Kile cheti cha hospitali cha mwaka juzi, mkono ulipovimba ukasema umeteleza kisimani, bado unacho? Nilijua siku ile kwamba hukuteleza. Samahani kwamba nilinyamaza.

Kuhusu watoto sitasema mengi kwa sababu naamini hapo uko vizuri. Wanaangalia maslahi ya mtoto. Aliye chini ya miaka 7 kwa kawaida huonwa kuwa anafaa kukaa na mama, ingawa hilo linaweza kupingwa kwa sababu za maana. Rukia ni mkubwa, anaweza kusikilizwa mwenyewe anataka nini. Matunzo ni wajibu wa baba hata watoto wakikaa kwako. Asikutishie kwamba "ukiondoka nao hamtaona senti".

Haya, mali. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapoporwa.

Unasema kiwanja cha Kaole alirithi kwa baba yake, kwa hiyo huna lako. Kiwanja ni cha urithi, kweli. Lakini je, mlipooana pale palikuwa na nini? Palikuwa na minazi minne na kibanda cha makuti, mimi nimekuja harusini nimeona. Sheria inasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa nguvu ya mwenzake au ya wote wawili, inaingia kwenye hesabu. Nyumba ya vyumba vinne yenye bati haikuota pale kama uyoga.

Na usikubali mtu akwambie kazi ya nyumbani si kazi. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kupika, kulea, kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Kila mwanamke anayedai mgawo hapa nchini amesimama juu ya mabega ya yule mama. Ila wakili wangu alinimalizia kisa, na mwisho wake unauma: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwisha mpa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Aliwafungulia wenzake mlango, yeye akabaki nje. Kwa hiyo usiende pale na "nilipika miaka kumi na tano" peke yake. Nenda na vitu.

Mimi niliponea kwenye mabati. Unakumbuka nyumba yetu ya Pongwe? Mabati thelathini, geji 30, niliyanunua mimi kwa mkopo wa kikoba. Nikiwa dukani yule kijana akaniuliza, "Niandike jina la nani?" Nami kwa heshima zangu za kijinga nikamtajia jina la mume wangu. Miaka tisa baadaye Mzee akaitoa ile risiti mahakamani, ina jina lake, kaitunza vizuri ndani ya nailoni. Nilihisi tumbo linashuka. Wakili, safari hii wa kweli, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kikoba chetu kina daftari. Lilikuwapo. Mwenyekiti wetu akaja nalo kama shahidi, bibi wa watu na baibui lake la Ijumaa. Mkopo wangu umeandikwa pale, kiasi na tarehe, siku tatu kabla ya tarehe ya risiti. Hakimu akalishika daftari akaligeuza geuza, ukurasa ule una doa kubwa la mafuta ya vitumbua, akaandika muda mrefu bila kusema neno. Nikapewa thelathini na tano kwa mia ya thamani ya nyumba. Si nusu. Wakili alinieleza kwamba mahakama inapima kila mmoja kaweka nini, fedha, mali au kazi, na ikishapima inaelekea kwenye usawa, lakini usawa huo hauji kama hujaonyesha mchango wako. Ningekuwa na karatasi zaidi ningepata zaidi, naamini hivyo mpaka kesho.

Sasa unaniuliza kama ni lazima uwe na wakili. Si lazima. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri haya, ni karibu, nafuu, na mambo yote yanaendeshwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mawakili walikuwa hawaruhusiwi hata kuingia kusimama pale, na watu waliachana vizuri tu. Kama ingekuwa talaka na watoto peke yake ningekwambia simama mwenyewe, msaidizi wa kisheria akuelekeze utaratibu. Hao wako kwa mujibu wa sheria ya 2017 ya msaada wa kisheria, na huduma yao haina malipo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wakuelekeze, au TAWLA, wale wanasheria wanawake. Lakini wewe una nyumba juu ya kiwanja cha urithi na mume mwenye karatasi. Hapo tafuta wakili, ufungulie Mahakama ya Wilaya.

Kabla hujampa senti, mwombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili, kisha mwambie Rukia alitafute kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Jina lisipoonekana, au likionekana leseni yake haiko hai, aga uondoke. Wa kweli hatakasirika, wangu alicheka akasema ningejua hivyo mapema. Mwulize ada yake inafika wapi: ni mpaka hukumu, au na rufaa? Nauli na gharama za kufungua shauri zimo? Atasimama mwenyewe au atamtuma kijana wa ofisini? Hayo yaandikwe, na kila unacholipa upewe risiti. Mimi nililipa kwa awamu tatu, alikubali bila maneno. Akikwambia "hii umeshashinda" siku ya kwanza, mwogope. Akiwa ndiye wakili aliyewahi kumfanyia kazi Baba Rukia, hata kama ni mauzo ya boti, usimkaribie. Na umwambie ukweli wote, pamoja na ile pesa ya dhahabu uliyouza bila kumwambia mume. Itatokea tu, bora aisikie kwako kuliko kwa upande wa pili.

Mambo yakiisha na ukapewa amri ya talaka, usiishie kuifunga kwenye mtandio. Uliza usajili wake RITA, wale wakala wa usajili wa serikali, utaihitaji siku ukitaka kuolewa tena. Usiniguse, najua unasonya hapo ulipo.

Nitakuja Jumamosi ijayo kwa gari la alfajiri. Nitafikia kwa shangazi yangu pale Magomeni, usinipokee kituoni. Utakuja pale kama umekuja kumwona mgonjwa, maana shangazi huwa mgonjwa siku zote, si uongo. Njoo na cheti cha ndoa, cheti cha hospitali, picha za harusi zinazoonyesha kile kibanda cha makuti, na risiti yoyote ile, hata ya misumari. Na lile daftari la upatu lenye jalada la bluu ulilosema umelificha chini ya gunia la mchele, litoe leo hii. Panya wa kwako nawajua.

Ni mimi,
Saumu