Kwa nini tunaishi "Bongo"

Mwenzangu wa Nairobi,

Barua yako nimeipata na imenichekesha. Unauliza imekuwaje sisi Watanzania tukaishi "Bongo", ilhali kwenu kubonga ni kupiga gumzo, na bongo ni yule mnyama mwekundu wa mistari myeupe anayejificha kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare.

Hao waache kando. Bongo ya kwetu ni ubongo uliovuliwa "u", ileile ya chemsha bongo. Na kwanza ilikuwa Dar es Salaam peke yake. Mdogo wangu anashikilia kwamba jina limetokana na Bongo Fleva. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Muziki umelikuta jina mtaani!

Waulize waliokuwa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilishakausha hazina, sukari na sabuni ni za foleni, na 1983 serikali ikawa inawasaka walioitwa wahujumu uchumi. Mshahara unaisha mwezi ungali mchanga. Umebaki na nini? Kichwa. Asiyekitumia, mji unamtapika. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akiaga kwamba anakwenda Bongo, nusu ya maneno hayo ilikuwa kuombewa dua.

Baadaye jina likatambaa hadi mipakani. Leo Mbongo aliyeko Dubai akisema anarudi Bongo, huenda kwao ni Moshi na Dar hata hapiti.

Ninalolipenda zaidi ni "kibongobongo". Gari la kuwashwa kwa kusukumwa, mkutano wa saa tatu unaoanza saa tano: hayo ndiyo mambo ya kibongobongo. Sifa ya akili imegeuka kuwa kicheko cha kujisema wenyewe, ingawa fundi anayelitembeza gari hilo kwa kipande cha waya bado anastahili ile sifa ya zamani. Ila "bongolala" mnayoturushia nyinyi, hiyo hatuipendi. Tukiitana wenyewe tunacheka, akisema jirani tunanuna.

Ukija Desemba, muuzaji akikwambia, "Hii ndiyo Bongo, dada," usidhani anakutajia jina la nchi. Hesabu chenji yako.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, Mbongo wako